Kilomita ya Thelathini, Trieste

Luzern, Uswisi
30 Oktoba 2023

Kwa Mwalimu Rael,

Chamgei, Mwalimu. Habari ya hapo kijijini Ziwa, habari ya mumeo Mzee Kigen na ng'ombe? Mimi niko salama. Tulifika Alhamisi, tukakimbia jana, kesho narudi Eldoret. Kazi ilienda sawa.

Ulisema nikuandikie miji iliyo kando ya maji peke yake, na barua iwe na stempu ya huko kwa ajili ya ukuta wa Gredi ya Sita. Basi huu ni mji wa saba. Luzern umeketi kando ya ziwa lenye maji ya buluu yanayometameta, huku vilele vya theluji vikiutazama kwa mbali. Daraja la kale la mbao, lililopambwa kwa maua, huvuka maji hadi penye mnara wa mawe wenye pembe nane. Bata weupe huelea kwa madaha, na mgeni hujaliwa utulivu wa moyo usioelezeka. Nilishuka nikaonja hayo maji. Ni chumvi kabisa.

Barabara yao ni safi. Lami imelala vizuri, haitoi mawe. Kona ya kilomita ya nane ni mbaya, inakata ghafla, na hapo kuna mama alikuwa anakaanga vitunguu dirisha likiwa wazi, mimi sijakunywa hata chai, nikaona aki huyu mama ananimaliza. Kutoka ishirini hadi ishirini na nne upepo ulikuwa wa uso. Mikono ilikufa baridi, nikashindwa kushika chupa.

Salimia watoto wote.

Mwanafunzi wako,
Kipkoech

*

Ziwa
27 Novemba 2023

Kipkoech,

Barua imefika, na stempu ni nzuri, ina ng'ombe. Watoto wamebishana kama ni wa maziwa au wa nyama. Ijumaa Mwalimu Macharia, aliyeshika darasa langu nilipostaafu, alinipa kipindi chake cha mwisho nikawasomea yote. Kwa vitunguu walicheka sana. Kwa daraja mmoja akapiga miayo.

Nina neno moja. Sehemu ya lami umeandika kama mtu aliyekuwepo. Sehemu ya maji umeandika kama mtu anayetafutia hoteli wateja. Nataka kujua maji yenyewe yalikuwaje. Yalikuwa na mawimbi? Yalikuwa na harufu? Upepo ulitoka upande gani? Mimi nimezaliwa Ziwa, mahali pasipo na ziwa, nimefundisha bahari zote za dunia kwa miaka thelathini na moja, na maji makubwa nimeyaendea mara moja tu, Kisumu, mwaka wa tisini na nane, na darasa la saba. Gugu maji lilikuwa limefunika kila kitu mpaka ukingoni. Tulisimama pale masaa mawili tukiangalia majani, watoto wakaniuliza, Mwalimu, ziwa liko wapi?

Ndiyo maana nakusumbua. Wewe una miguu ya kufika.

Hiyo chumvi nimeisikia. Umeniandikia chumvi mara tatu sasa.

Mwalimu Rael Jeruto

*

Trieste, Italia
6 Mei 2024

Kwa Mwalimu Rael,

Chamgei. Kazi ya jana ilienda sawa kabisa, ajenti amefurahi, amesema mwaka ujao nirudi hapa hapa.

Mwalimu, huu ndio mji mzuri kuliko yote minane. Uwanja mkubwa wa mji umezungukwa na majumba ya fahari pande tatu, na upande wa nne ni bahari tupu. Mstari wa kumalizia uliwekwa hapo hapo uwanjani, ukimaliza unaona maji mbele yako. Asubuhi jua lilichomoza kutoka baharini likapaka maji rangi ya dhahabu. Akina mama wazee kama wewe huketi kando ya maji wakiwa wamevua viatu, wakinywa kahawa na kusimuliana habari za zamani. Nikiwaona nilikukumbuka.

Kilima cha kilomita ya kumi na moja kilinichoma mapaja. Vijana wawili wa Ethiopia walikuwa wanapumua nyuma ya sikio langu mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zao badala ya zangu.

Kipkoech

*

Ziwa
10 Juni 2024

Kipkoech, kijana wangu,

Nakwenda Trieste.

Usishtuke. Nimefikiri vizuri. Nimeuza mitamba wawili, na watoto wangu wamesema wataongeza kilichobaki. Mzee Kigen hataki kusikia, anasema maji ya tangi yanamtosha na atabaki na ng'ombe. Nitakwenda Mei ijayo, kwa mashindano yale yale. Nataka kusimama kwenye ule mstari wa kumalizia, bahari iwe nyuma yangu, nikuone ukija.

Na wewe ujitahidi. Najua njia ni ndefu na mwili unachoka, na mtu akiwa peke yake nchi ya watu hakuna wa kumwambia kaza. Safari hii utakuwa na mtu. Hata ukija wa mia mbili, hata ukija unatembea, mimi nitakuwa hapo. Mradi ufike.

Halafu nikuulize. Uko Yamumbi, saa moja tu kutoka kwangu. Tangu Krismasi hujakanyaga hapa. Kuna nini?

Mwalimu Rael

*

Yamumbi
1 Julai 2024

Kwa Mwalimu Rael,

Nimepata barua yako. Sijakuja kwa sababu ya mazoezi, kocha ni mkali.

Kuhusu Trieste, Mwalimu, ngoja kidogo. Kuna upepo huko unaweza kuangusha mtu, hata wenyewe wamefunga kamba barabarani za kushika. Chakula chao hutakiweza. Ngazi ni nyingi na wewe una goti. Na visa ni kupanga foleni Nairobi, kuulizwa maswali kama mwizi. Kama ni maji, si uende Mombasa? Ni Kenya, hakuna visa, na wali wa nazi upo. Au basi Luzern, kule ni ziwa tulivu.

Na mambo ya kunisubiri kwenye mstari, tafadhali usijisumbue. Kutakuwa na watu wengi sana, hutaniona.

Kipkoech

*

Ziwa
3 Machi 2025

Kipkoech,

Nimekaa miezi nane bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mwalimu mwenye hasira asishike kalamu. Sasa imepoa kiasi.

Visa nimepata. Karani aliniuliza, Mama, unaenda kufanya nini Italia? Nikamwambia, naenda kuona mtoto niliyemfundisha akimaliza. Akaniangalia, akaangalia karatasi zangu, akapiga muhuri.

Sasa nikwambie ninachojua, maana nimechoka kukuzungushia maneno. Mwaka jana, barua yako ya Trieste ilipofika, nilikwenda kwa Wesonga, yule kijana wa saiba, mwenye kompyuta za intaneti hapa sokoni. Nikampa miji yote minane na tarehe. Nilitaka anitolee nafasi zako nibandike ukutani chini ya stempu, watoto waone ulikuwa wa ngapi. Wesonga alitafuta, akatafuta. Halafu akanichapishia bila kunitoza. Jina lako lipo kwenye kila karatasi, na mbele yake wameandika hakumaliza. Miji minane, Kipkoech. Hakumaliza, hakumaliza, hakumaliza.

Sikubandika chochote. Nimezificha kwenye Biblia. Nilirudi nyumbani nikalia, nakwambia ukweli, nililia mpaka Mzee Kigen akadhani kuna msiba. Nikawaza, kumbe mtoto huyu anakwenda huko kote anashindwa, halafu anaketi hotelini peke yake ananiandikia kazi imeenda sawa.

Ndiyo maana nimeuza mitamba. Maji nitayaona, sawa, lakini nakuja kwa ajili yako. Huna haja ya kunificha aibu. Nataka umalize mara moja tu, nikiwa naangalia.

Mwalimu Rael

*

Yamumbi
10 Machi 2025

Mwalimu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani kwa Abdirahman, ambako barua zetu huachwa, nikaomba kiti.

Mimi sishindwi. Mimi ni pesimeka. Huku kempu ya mazoezi tunaitwa marabiti, yaani sungura. Kazi yangu ni kukaa mbele na kushika mwendo ulioandikwa, dakika tatu na sekunde nne kwa kila kilomita, wale wanaotaka ushindi wanifuate wasipigwe na upepo. Nikifika kilomita ya thelathini natoka kando. Mkataba unasema hivyo. Wao wanaendelea, mimi naishia hapo. Kwa hivyo wanaandika hakumaliza, na ni kweli, na bado kazi imeenda sawa. Nilipokuandikia hivyo sikudanganya.

Nilidanganya kwingine. Mwalimu, hayo maji sijawahi kuyaona. Hata ya mji mmoja. Miji ya maji yote inapenda kuweka mstari wa mwisho kando ya maji, picha zitoke nzuri, na mimi natolewa kilomita kumi na mbili kabla. Nikitoka nafungwa karatasi ya kung'aa kama mahindi ya kuchoma, naingizwa kwa gari, napelekwa hotelini. Kabla ya mashindano haturuhusiwi kutembea, tunalala tumeinua miguu. Baada ya mashindano ni airport. Yale ya maua na bata nilikuwa natoa kwa kitabu cha wageni, kile cha kusifu mji, kwenye mapokezi, nabadilisha kwa simu kuwa Kiswahili. Yale ya kuonja maji, na ya akina mama waliovua viatu, niliongeza mwenyewe.

Nilitaka kukwambia tangu mji wa kwanza. Lakini ulijibu ukasema watoto wamepiga makofi. Na hapa nyumbani ukisema wewe ni rabiti, mtu anakuuliza, sawa, na utaanza kukimbia lini? Nikanyamaza. Mwaka ukaisha, na mwingine.

Nimekufanya uuze ng'ombe kwa ajili ya uongo. Najisikia vibaya sana, sina namna nyingine ya kusema. Ukitaka kughairi safari nitarudisha gharama yote.

Kipkoech

*

Ziwa
17 Machi 2025

Kipkoech,

Sighairi.

Wewe ulidhani unamdanganya nani? Ziwa lenye chumvi katikati ya milima ya theluji! Na jua kuchomoza baharini Trieste! Hebu fungua ramani, kama bado unayo. Bahari ya Trieste iko magharibi, mashariki ni mlima. Jua litachomozaje huko? Hiyo nilikufundisha mimi mwenyewe, darasa la sita, ukiwa umeketi karibu na mlango ili kengele ikilia uwe wa kwanza nje. Nilijua hujaona hayo maji. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani mtu aliyeshindwa njiani anaona haya kusema hakufika.

Kumbe hukushindwa. Kumbe wanakulipa usifike! Nimemwuliza Mzee Kigen kama jambo hilo lipo, akasema lipo, kila mtu hapa Uasin Gishu analijua isipokuwa mimi na ramani zangu. Nimefurahi na nimekasirika, vyote pamoja, na leo nimechoma ugali.

Kilichoniuma ni watoto. Wamechora yale maua yako kwa kalamu za rangi. Ijumaa nikaamua, nikawasomea barua yako yote, neno kwa neno, pamoja na rabiti. Nilitegemea watavunjika moyo. Msichana mmoja, Nekesa, akainua mkono akauliza: Sasa hapo anapotolewa kuna nini?

Darasa zima likanigeukia.

Kwa hivyo niandikie. Kilomita ya thelathini ya Trieste iko wapi, na kuna nini? Usifungue kitabu cha mtu.

Mwalimu Rael

*

Yamumbi
28 Machi 2025

Mwalimu,

Hakuna kitu cha kuona, lakini umeuliza.

Iko nyuma ya maghala, barabara ndefu yenye ukuta upande mmoja. Kuna duka la matairi. Mbele yake wamepanga matairi ya lori, yamepakwa rangi nyeupe, na ndani yake wamepanda vitunguu vya majani. Kuna jengo la ghorofa nne, na kwenye ghorofa ya pili mtu ameanika blanketi lenye picha ya chui. Kuna mbwa wa kahawia aliyefungwa, habweki, anatuangalia tu tukipita halafu analala. Kuna kibao cha plastiki chenye namba 30. Hapo kando ya kibao ndipo natoka. Nikisimama, miguu huwa inataka kuendelea, inatetemeka yenyewe, inabidi nishike ukuta. Ukuta ni wa baridi. Nasikia viatu vya wale wengine vikienda, pa pa pa, mpaka kona, halafu sisikii tena.

Bahari haionekani kutoka hapo. Mwaka jana nilidhani nimeisikia, kumbe ni lori.

Hii sehemu ya mwisho sijawahi kumwambia mtu.

Mashindano ni tarehe nne Mei, tunaanza saa tatu. Nitafika hapo saa nne na nusu na dakika mbili hivi. Nimekuchorea ramani nyuma ya karatasi. Juu ni kaskazini.

Kipkoech

*

Trieste, Italia
4 Mei 2025, saa tisa na nusu alasiri

Mwalimu,

Umelala huko juu na viatu, na mimi basi la airport linaondoka saa kumi. Naandikia hapa mapokezi, nitamwachia dada wa funguo akupe. Kitabu chao cha wageni kiko hapa karibu na kiwiko changu. Sijakifungua.

Naandika yote kama yalivyokuwa, kwa sababu utawasomea watoto, na wewe utapunguza pale ulipotukana.

Nilikuona kutoka mita mia tatu. Nilikuwa naangalia saa, naangalia mwendo, tatu na nne, tatu na nne, nikainua macho nikaona leso ya njano kando ya matairi. Nikasahau kuhesabu. Wale Waethiopia nyuma yangu lazima walishangaa, kwa sababu hiyo kilomita tuliikimbia kwa mbili na hamsini na saba. Ulikuwa umekaa juu ya tairi, mbwa amekulalia miguuni. Nikatoka kando. Nilikuwa naenda kushika ukuta kama kawaida, ukaniwahi, ukanishika mkono, ukasema, wacha huo ukuta.

Mwenye gari alikuja na karatasi yake ya kung'aa. Ukaichukua ukaikunja ukaiweka kwenye mkoba. Akaonyesha mlango wa gari. Ukamwambia kwa Kiswahili, polepole ili aelewe, huyu bado hajafika. Yule mtu alipiga simu kwa ajenti, ajenti akaniita, akanipigia kelele kwenye simu mpaka ukaniuliza huyo ni nani anagombeza mtu mzima. Nikamwambia ajenti kazi yake nimeimaliza, kilomita thelathini amepata, hizi kumi na mbili ni zangu. Sijui kama atanipa mkataba mwingine. Nimewaza, na naona nitaishi.

Tukatembea. Sijawahi kwenda polepole hivyo barabarani tangu nizaliwe. Kila kilomita dakika kumi na saba, na pale kwenye daraja la reli ishirini na tatu, kwa sababu ya goti. Walitupita wote: wanawake, wazee, mtu aliyevaa kama ndizi, yule baba anayesukuma kiti cha mtoto wake. Kila mmoja alitupigia makofi, na wewe ukawajibu asante, endelea, shika mgongo sawa, kama uko gwaride. Kilomita ya thelathini na saba ulikaa chini kwenye ngazi ya kanisa ukasema huwezi. Nikakwambia nitakubeba. Hapo ndipo ulitukana.

Tulipofika uwanjani walikuwa wameshafunga. Wanafunga baada ya masaa matano. Vijana walikuwa wanapakia vyuma kwenye lori na saa kubwa imezimwa. Kilichobaki ni ule mstari wa rangi chini, tukauvuka pamoja, mmoja wa vijana akatuhamisha kwa sababu alitaka kukunja zulia.

Halafu maji. Watoto watauliza, kwa hivyo waambie: ni ya kijivu. Yanapanda na kushuka kidogo tu, kama maziwa kabla hayajachemka. Yananuka dizeli na kitu kingine ambacho sikijui. Hakukuwa na akina mama waliovua viatu, kulikuwa na mzee anakula aiskrimu na kumpa mbwa wake. Upepo ulitoka nyuma yetu. Ni makubwa, Mwalimu, hayana mwisho ule upande. Machozi yalinitoka nikasingizia upepo, nikasahau kwamba upepo uko mgongoni.

Nikageuka nikuone unavyoyaangalia, miaka yote hiyo. Kumbe ulikuwa unaangalia saa yako ya mkono. Ukasema, simama wima. Ukatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba ukaandika hapa kifuani, juu ya namba yangu, ukibonyeza mpaka nikasikia kwenye mbavu. Ukanikataza nisisome. Ndipo ukageukia bahari, ukakaa chini, ukaiangalia nusu saa, ukaniambia twende, nimechoka.

Nimeisoma sasa hivi nikivua vesti. Umeandika:

Kipkoech. Masaa 5, dakika 20. Amemaliza. R. J.

Na alama ya vema.

Ajenti amepita hapa sasa hivi anakusanya namba za mapesimeka. Zinarudishwa, ni sheria yao. Amenyoosha mkono. Nimemwambia sitoi.

Kipkoech